Siku Sitini za Mwaridi wa Mama Mkwe

Jumamosi, 5 Julai

Emiliana ameondoka asubuhi kwenda Mvumi kumuuguza mama yake. Ameniachia debe la unga, funguo tatu na amri kumi na moja. Kumi zinahusu nyumba. Ya kumi na moja inahusu mwaridi: nisiuguse.

Nimwagilie, ndiyo. Kwa maji yaliyooshewa vyombo, siyo ya kisima, maana ya kisima chetu hapa Zuzu yana chumvi. Ua likinyauka nilikate chini kidogo ya shingo, ili mwaridi usipoteze nguvu kwenye mbegu, utoe jingine. Basi. Mguu mmoja ukiwa tayari ndani ya bajaji akageuka akarudia tena. Nisiuguse.

Naandika kwa ajili ya kumbukumbu. Mimi Sostenes nimepogoa mizabibu Hombolo kwa miaka ishirini na mmoja. Matawi niliyokata yakiungwa yanafika Singida. Mtu wa namna hiyo anaambiwa asiguse ua.

Ni kweli mwaridi wenyewe siyo wa kawaida. Mama mkwe wangu, Bibi Hana, alikuwa mfuaji wa mashuka hospitalini Mvumi, akauotesha pale penye kamba za kuanikia. Unatambaa. Na hauchanui mara moja ukalala mwaka mzima kama ya wengine. Unachanua, unapumzika, unachanua tena. Miaka sita iliyopita Emiliana alikata kijiti akaja nacho kwenye chupa ya maji. Bahati yake, maana ule wa Mvumi ulikauka mwaka ule mvua ilipotukimbia. Sasa mama mkwe macho yamekwisha. Daktari amesema hayatarudi. Anahamia kwetu.

Ameomba kitu kimoja tu. Kiti chake kiwekwe karibu na mwaridi.

Jumapili, 6 Julai

Emiliana amepiga simu baada ya ibada. Kliniki zitaisha mwisho wa Agosti, watakuja Jumamosi tarehe 6 Septemba. Akasema mama ameuliza kama mwaridi una maua. Yeye amejibu ndiyo, mengi.

Nimetoka kuyahesabu. Saba. Yote yapo juu kwenye ncha, ambako pua ya mtu haifiki labda awe mfanyakazi wa umeme. Chini ni majani na miiba. Matawi matatu manene, marefu, ya miaka mitatu, hayajaguswa na mkasi tangu yazaliwe. Hombolo mzabibu ukionekana hivyo msimamizi anaitwa ofisini.

Nimekaa nikafikiri mpaka chai ikapoa. Kila mtu wa zabibu anajua kwamba mzabibu ukiachwa unajisahau. Ukikatwa unashtuka. Ukishtuka unazaa. Unakata leo, unahesabu siku, unajua utavuna lini. Waridi ni ua tupu, halina kazi ya kuiva wala kuingia utamu. Siku sitini zinatosha na chenji inabaki.

Kutoka kesho, siku ya sitini inaangukia Ijumaa tarehe 5 Septemba. Wageni Jumamosi.

Amri ya kumi na moja ilitolewa kabla tarehe haijajulikana. Mambo yamebadilika. Naamini Emiliana angekuwepo angeibadilisha mwenyewe.

Jumatatu, 7 Julai

Nimekata.

Nilianza saa tatu. Mkasi wangu wa Hombolo, ule wenye mpini uliofungwa mpira wa baiskeli. Nimenoa, nimepaka mafuta, nimekata. Matawi yote matatu mpaka usawa wa goti. Nimeacha macho mawili ya kuchipulia kwa kila kisiki, mkato wa mshazari juu ya jicho, maji yateleze yasikae. Kazi safi. Nilisogea nyuma kuitazama na nikatamani yule msimamizi wangu wa zamani angekuwa hai.

Swedi alikuja kwenye uzio. Swedi ni jirani yangu, Mrangi wa Kondoa, mstaafu wa reli. Akasalimia, akatazama visiki, akatazama lundo la matawi, akaniuliza kama mwaridi ulinitukana. Nikamweleza habari ya kushtuka. Akasema akikatwa miguu yeye pia atashtuka, ila hadhani kama atachanua.

Hana la kusema huyu. Mkewe, Bi Khairat, alipewa na Emiliana kijiti cha mwaridi huohuo, miaka minne sasa. Swedi ameufanya nini? Ameusimamisha. Ameufunga kwenye nguzo ya dishi la televisheni, matawi manane yamenyooka kwenda juu kama askari wanaokaguliwa. Maua yako juu kabisa, yanaonwa na kunguru. Miaka thelathini na tano kwenye reli, hawezi kuona kitu kimepinda akalala.

Bi Khairat naye alitoka kuchota maji. Akanisalimia kwa muda mrefu, akiwa ameshika simu kifuani. Watu wa siku hizi hawaachi simu hata bombani.

Ijumaa, 18 Julai

Siku ya kumi na moja. Macho yamevimba! Sita kati ya sita, mekundu, madogo kama punje za mtama. Nimewaza kumpigia Emiliana nimwambie, nikakumbuka kwamba ili asikie habari njema lazima kwanza asikie ile nyingine.

Nimeyapa chakula. Nimeomba mbolea ya kuku kwa Bi Khairat, ndoo mbili. Akaniambia hiyo ni mbichi, niiache kwanza kivulini mwezi mzima. Nikamshukuru. Mwezi mzima sina. Nimeizungushia visiki yote.

Jumanne, 22 Julai

Macho matano yameungua.

Nimeondoa mbolea kwa mikono. Nimemwagilia maji ya vyombo, na vyombo vilipoisha nimechafua vingine. Limebaki jicho moja kwenye kisiki cha kati, nalo linanitazama vibaya.

Emiliana alipiga jioni. Mama anauliza tena, mwaridi uko vipi. Nikasema haujawahi kuwa nadhifu kiasi hiki. Huo siyo uongo. Kisha nikamsikia mama mkwe nyuma ya simu, akimsimulia mwanawe kwa sauti ndogo. Kwamba mwaka aliofiwa na mumewe alirudi kazini siku ya nne, kwa sababu mashuka ya wagonjwa hayajui msiba. Alikuwa anaanika, harufu ya yale maua inashuka juu ya kamba, na kwa muda wa kuanika shuka moja alikuwa hasikii uchungu. Shuka linalofuata uchungu unarudi. Akasema siku hizi haoni rangi hata akikumbuka. Harufu anaikumbuka.

Nikakaa na simu mkononi hata baada ya kukatika.

Nimewahi kuua mizabibu. Ilikuwa ya shamba, na shamba lilikuwa na mingine elfu nne. Huu nimeukata ukiwa peke yake.

Hapana. Siyo peke yake. Upo mwingine, damu ileile, mita tatu kutoka hapa, umefungwa kwenye nguzo ya dishi.

Alhamisi, 24 Julai

Mpango umekamilika na umetekelezwa siku hiyohiyo, jambo ambalo kwangu ni nadra.

Siwezi kumwomba Swedi mwaridi. Atasimulia mpaka stesheni. Lakini Swedi anapenda mpira, na picha yake inakatakata upepo ukivuma, na Julai hapa kwetu upepo unavuma kana kwamba unalipwa. Nimemwendea nikamuuliza kwa upole kama amewahi kufikiria uzito wa yale matawi juu ya nguzo. Upepo unasukuma matawi, matawi yanasukuma nguzo, nguzo inasukuma dishi. Nimemwachia afikirie mwenyewe. Mtu wa reli ukimwonyesha nguvu inayosukuma kitu, huhitaji kusema zaidi. Baada ya dakika tano alikuwa ananieleza yeye mimi.

Nikajitolea. Jirani ni jirani. Nikasema nitayashusha matawi yote manane, niyaegemeze kwenye uzio kwa muda, mpaka ligi iishe.

Nia yangu, naandika hapa ambapo Swedi hasomi, ilikuwa ncha zake zifike upande wangu. Maua machache yaliyo juu yashuke usawa wa pua ya mtu aliyekaa. Basi.

Nimeyashusha jinsi tunavyoshusha mkono wa mzabibu mchanga kwenye waya. Polepole. Unapinda kidogo, unasubiri, unapinda tena, usisikie mlio. Nimeyalaza kwa urefu kwenye waya za uzio, manne waya wa juu, manne waya wa chini, yote yakielekea kwangu. Kamba ya katani sina, nimechana shuka kuukuu nikafungia. Mikono imechanika vibaya kuliko shuka.

Ngazi ilinitelezea kidogo ikagonga nguzo. Haikuwa kitu.

Jumapili, 3 Agosti

Ilikuwa kitu. Swedi hana hata chaneli moja. Jana alikaa mbele ya televisheni dakika tisini akisikiliza mvumo, akaja kwenye uzio kuniambia kwamba zamani alikuwa anaona nusu ya mpira, na nusu ni bora kuliko utaalamu wangu. Ameanza kuniita Mtaalamu. Nimemwambia dishi linahitaji muda lizoee wepesi.

Lakini nimeona jambo.

Yale matawi yaliyolala yanachipua. Siyo kwenye ncha. Kila jicho, kutoka mwanzo wa tawi hadi mwisho, limetoa kichipukizi, na vichipukizi vyote vimesimama wima, kama kanisa zima limeinuka kwa wimbo. Wakati yakiwa yamesimama hayo matawi, miaka minne, macho hayo yalikuwa yamefumba.

Nimelitafakari hili siku nzima, hata mahubiri sikuyasikia vizuri. Halina maelezo ila moja. Mizizi ya miwaridi hii miwili imekutana chini ya uzio. Nilipokata wangu, mshtuko ulipita chini kwa chini ukaushtua wa Swedi. Siku ya ishirini na saba, kama hesabu inavyotaka.

Kwa hiyo kupogoa kumefanya kazi. Kumefanya kazi kwa jirani, hilo tu.

Jicho langu moja nalo limetoka. Linapanda kwa kasi, nene kama kidole. Majani tu.

Jumatano, 20 Agosti

Siku mbaya.

Swedi ameleta fundi. Fundi amepanda, amezungusha dishi kiasi cha upana wa kiganja, ameshuka. Dakika mbili. Picha safi. Swedi akamuuliza kuhusu uzito wa mwaridi, na fundi, badala ya kunyamaza kama watu wenye adabu, akacheka. Akasema mwaridi haukuwa na kosa lolote, dishi lilikuwa limegeuzwa, tena na mtu.

Jioni Swedi akaja. Kamba mkononi, pima maji kwapani. Akasema ameniheshimu muda mrefu na sasa anasimamisha mwaridi wake, kesho asubuhi, kila tawi, na atapima.

Vichipukizi vile sasa vina vitumba. Nilishavihesabu mpaka thelathini. Zimebaki siku kumi na saba. Akivisimamisha sasa vitavunjika nusu, na vitakavyobaki vitatazama mbinguni.

Nilikuwa na uongo wa aina mbili tayari. Mmoja ulihusu wadudu. Nilifungua mdomo, na sijui kwa nini, labda nilichoka, nikamwambia ukweli. Kwamba nimeua mwaridi wa mama mkwe. Kwamba anakuja akiwa haoni. Kwamba alichoomba ni harufu.

Swedi akaweka pima maji juu ya waya wa uzio, akatazama kile kiputo kinavyohangaika, kana kwamba hilo ndilo lililomleta. Kisha akasema mama yake alifia Kondoa yeye akiwa zamu Itigi. Treni ya mizigo ilikuwa imechelewa, na hakukuwa na mtu wa kumpokea zamu. Alituma mkungu wa ndizi badala ya kwenda mwenyewe. Ndizi zilifika kabla ya mazishi.

Akaanza kuikunja kamba yake.

"Basi yalale," akasema. Akachukua pima maji yake. Alipofika mlangoni akageuka. "Lakini wewe, Mtaalamu, kwenye ngazi yangu usipande tena."

Ndani nikamsikia Bi Khairat anacheka. Sijui kilichomchekesha.

Ijumaa, 5 Septemba

Siku ya sitini.

Yamechanua. Sina namna nzuri ya kuandika hili. Uzio hauonekani. Kutoka nguzo ya kwanza hadi ya sita ni mawaridi, yale ya rangi ya damu iliyochanganywa na maziwa, mafungu kwa mafungu, kuanzia gotini hadi kifuani. Nyuki wameanza kazi kabla yangu. Jua lilipopanda harufu ikaingia hadi jikoni, nikazima jiko nikakaa tu.

Nimepiga mahesabu mara mbili. Siku ya sitini kamili.

Mwaridi wangu mwenyewe una tawi moja, urefu kunishinda, hauna hata kitumba. Nimefunika visiki kwa beseni kubwa la bluu. Mama mkwe haoni, sasa najificha kwa nani? Kwa Emiliana. Nitasema beseni linakauka.

Kiti nimekiweka. Nimekikalia kwanza mwenyewe, nimefumba macho, nimekisogeza mara nne.

Jumamosi, 6 Septemba

Wamefika saa tano.

Nieleze kidogo. Kwetu Wagogo, mtu na mama mkwe wake huheshimiana kwa mbali. Miaka thelathini na mmoja Bibi Hana hajawahi kunisemesha moja kwa moja. Nikiwa hatua mbili kutoka kwake anamwambia Emiliana, mwambie mume wako hivi, na Emiliana ananiambia, na mimi namwambia Emiliana, na yeye anamwambia. Mazungumzo ya dakika moja huchukua tatu. Huwa napata muda wa kutunga majibu.

Nimesalimia nikiwa nimeinama, nikarudi nyuma mpaka kwenye nguzo ya kibaraza. Emiliana alimshika mama mkono, wakaja uani. Mama mkwe amepungua. Khanga inamzunguka mara mbili. Walipokaribia uzio akasimama ghafla, akainua uso, na nikaona pua yake inafanya kazi.

Emiliana hakutazama maua. Alikwenda moja kwa moja kwenye beseni, nikasema linakauka, akalifunua. Akaniuliza kama limekauka.

Picha za visiki alitumiwa na Bi Khairat tarehe 7 Julai saa nne asubuhi, kabla sijamaliza kufagia. Za mbolea alitumiwa pia. Ya mimi juu ya ngazi ameifanya picha ya mbele ya simu yake. Na ile jioni ya tarehe 20, Bi Khairat alikuwa tayari ameshamwambia Swedi kwamba kamba hazisogei hata inchi moja, na Swedi alikuja kwangu na pima maji ili tu asikie nitatunga nini. Kwa hiyo nilisema ukweli siku ambayo haukuhitajika.

Mama mkwe akaomba aongozwe mkono. Akagusa kisiki. Akapitisha kidole gumba juu ya mkato, taratibu, kama mtu anayesoma.

"Mwambie mume wako mkato wake ni safi," akasema. "Mshazari, juu ya jicho. Mkono wa mtu wa zabibu." Kidole kikarudi juu ya mkato. "Mwambie tena kwamba huu siyo mzabibu."

Emiliana akaniambia yote mawili, ingawa nilisikia.

Kisha akasogea kwenye uzio. Mkono ukagusa tawi lililolala, ukalifuata, ukakutana na fundo la shuka. Akalipapasa fundo. Akaenda la pili. Akaweka uso mzima kwenye mawaridi, bila kuogopa miiba wala nyuki, akabaki hapo. Emiliana alitaka kumrudisha nyuma, akaacha. Mimi nilihesabu nyuki ili nipate pa kutazama.

Alipoinuka alikuwa na damu kidogo shavuni na hakuifuta. Akasema Mvumi aliulaza hivihivi, kwenye zile kamba za kuanikia, akiufungia mapindo ya mashuka yaliyochakaa. Ukisimama unachanua kichwani tu. Ukilala kila jicho linapata jua na kila jicho linaamka. Akasema hakuwahi kumfundisha mtu. Alidhani njia hiyo imekufa na ule wa kule. Akauliza nani ameulaza huu.

Emiliana akanitazama. Nikatazama nguzo. Swedi ndiye aliyejibu, kutoka ng'ambo ya uzio, kofia mkononi.

"Shikamoo mama. Ni mkweo huyo. Mimi nilikuwa nimeusimamisha."

Mama mkwe akageuza uso. Sijui alijuaje nilipo, labda nilipumua. Alikuwa ananielekea mimi, siyo Emiliana.

"Umeulaza vizuri, mwanangu."

Hakusema mwambie.

Miaka thelathini na mmoja. Nilitafuta jibu, na hapakuwa na mtu wa kunipa muda. Nikasema asante. Niliielekeza kwenye nguzo ya kibaraza, lakini nadhani ilifika.

Amekaa kwenye kile kiti mpaka jua lilipokwenda nyuma ya nyumba. Bi Khairat alileta tangawizi. Emiliana amelishusha lile tawi langu moja, akalipinda kidogokidogo, akalilaza kwenye waya karibu na yale manane, akalifunga kwa kipande cha shuka langu. Anasema kabla ya Krismasi litakuwa na maua mwili mzima, ilimradi lisiguswe. Akaniuliza kama nimeelewa sasa ni nini kilichotokea. Nikasema nimeelewa kabisa.

Jumapili, 7 Septemba

Nimekaa leo na akili iliyotulia kupitia mambo yote.

Kwanza, mama mkwe alianza kwa kusifu mkato. Mtu huanza na lililo kubwa. La kulaza lilikuja baadaye, kwa heshima, kwa sababu Swedi alikuwa anasikiliza.

Pili, habari ya macho kupata jua ni nzuri na inasemwa na wanawake wawili ninaowaheshimu. Lakini nimekata Julai 7 na maua yamekuja Septemba 5. Hesabu haina undugu na mtu.

Tatu. Mwaridi wa Swedi umezaa namna ile kwa mshtuko wa kusikia tu. Sasa fikiria ukikatwa wenyewe. Matawi manane, macho mawili mawili, usawa wa goti. Ili mama mkwe apate uzio mzima siku ya Krismasi, mkato ni tarehe 26 Oktoba. Hiyo ni Jumapili, basi Jumamosi tarehe 25, na siku moja ya akiba. Lile tawi la Emiliana likatwe siku hiyohiyo, lisijisikie kutengwa. Swedi nitamwambia ni habari ya dishi.

Nilikwenda kuunoa mkasi mapema, haupo msumarini. Nimetafuta stoo, jikoni, chini ya beseni. Nimeuona saa kumi. Uko mapajani mwa mama mkwe, pale kwenye kiti, chini ya mikono yake miwili. Anatabasamu na nyuki. Siwezi kumsogelea, siwezi kumwomba, na Emiliana nikimtuma ataniuliza wa kazi gani.

Swedi ana msumeno wa chuma. Nimemwambia nauazima kukata bomba.